Maziwa Yasiyotoka kwa Ng'ombe

Babu yangu aliacha kula kidogo kidogo, kwa siri, kama mtu anayeacha kulipa michango. Mwanzoni alisema ugali wa siku hizi ni mgumu. Mama akaulainisha. Akasema mahindi ya dukani yana dawa. Baba akaenda Endasak kununua mahindi kwa mkulima tunayemjua, tena akayachagua mwenyewe. Akasema meno. Meno ya babu ni mazima kuliko yangu. Mwishowe mama aliona tonge likipita chini ya shuka kwenda kwa mbwa, na kwa kweli mbwa alikuwa ananenepa huku babu anakonda, ndipo tukajua tatizo halikuwa ugali. Chakula kigumu kilikuwa kinakwama katikati ya kifua, kinakaa hapo, halafu kinarudi. Maziwa tu ndiyo yalipita, tena kwa kubembelezwa.

Kijijini kwetu Gendabi watu hawasubiri vipimo. Jirani mmoja, ambaye ndugu yake alianza hivyo hivyo, alikuja kumjulia hali babu, akakaa, akanywa chai, kisha akamwambia baba mbele yetu wote, "Hiyo ni ile ya koo. Ile huwa hairudi nyuma." Akaomba chai nyingine. Tangu siku ile nyumbani kwetu hakuna aliyetamka jina la ugonjwa. Tuliuita "ile".

Babu alikuwa amesikia. Akasema kama ni ile, asipelekwe popote kukatwa katwa, atakaa bomani aangalie ng'ombe wake mpaka siku iishe. Kama si ile, hapo atafikiria. Kwa hiyo kila kitu kikawa kinangoja picha ya hospitali.

Mimi nilichukuliwa kama mkalimani. Babu anajua Kiswahili cha salamu na cha mnadani. Baba anakijua vizuri, ila akiingia hospitali anasahau hata lugha yetu.

"Wewe uko kidato cha tatu," baba alisema. "Sasa hicho kidato ni cha nini kama huwezi kumsemea babu yako?"

Swali zuri, ila aliniuliza mtu asiyefaa. Mimi ni yule mwanafunzi anayejua jibu na kuangalia dawati mpaka mwalimu amgeukie mwingine. Kila ripoti yangu wameandika "ana aibu, ajitahidi kuchangamka", mwaka hadi mwaka, mpaka inaonekana kuchangamka ni somo ninalofeli.

Babu hakuwa na wasiwasi. "Nakwenda na mke wangu mdogo," aliwatangazia watu wa bodaboda, mkono begani kwangu. Mababu wote huwaita wajukuu wa kike hivyo, najua. Lakini mababu wengine hawapazi sauti.

Hospitalini mimi, babu na baba tulionana na daktari mwenye miwani, mtu mzima, mpole. Alinieleza kwamba eksirei inaonyesha mifupa, lakini koo la ndani ni nyama iliyozungukwa na nyama, halionekani. Kwa hiyo babu angekunywa dawa fulani nyeupe, na mahali itakapopita ndipo patakapoonekana.

"Haitibu," alisema. "Kazi yake ni kuonyesha tu."

Nikamwambia babu: ni dawa, lakini haiponyi.

"Sasa tumekuja kufanya nini?" babu akauliza.

"Anasemaje?" daktari akauliza.

"Amekubali," nikasema.

Chumba cha eksirei kilikuwa na mtaalamu kijana, mtu wa upande wa Mbulu kwa lafudhi yake. Alipomwona babu aliacha kila kitu, akaja akasema shikamoo na kuinamisha kichwa vizuri kabisa, na babu akamwekea mkono utosini. "Huyu amelelewa," babu aliniambia. Kama yule kijana angekuwa na adabu mbaya, yaliyofuata yasingetokea.

Alianza kukoroga unga mweupe kwenye maji. Nikajikaza nikauliza ni nini. "Bariamu," akasema. Mwalimu wetu wa kemia alishatuambia bariamu ni sumu. Nikasimama pale nikijua kwamba babu yangu anakorogewa sumu, na nikiona aibu kumkatiza mtu kazi yake. Bahati nzuri alipenda kuongea.

"Usiogope, hii ni aina isiyoyeyuka. Inapita tu, inatoka kama ilivyoingia. Mionzi haiipenyi, ndiyo maana ilipo panaonekana peupe. Huko mjini kwenye mashine kubwa, ile ya CT na ile ya sumaku, wanachoma dawa nyingine kwenye mshipa, kila mashine na ya kwake. Sisi huku tuna chaki yetu hii." Akampa babu kikombe.

Babu alikiangalia. Kinywaji cheupe, kizito, na povu kidogo juu. Akanusa.

"Ng'ombe gani huyu?"

"Babu, si maziwa."

"Naona si maziwa. Nauliza kakamuliwa nani." Akagusa kwa ulimi. "Huyu mnyama alilishwa chokaa."

Hapa lazima nieleze jambo ambalo kwetu halielezwi kwa sababu kila mtu analijua. Mzee akipewa kinywaji na kijana mwenye adabu, hanywi tu kama mtu wa hotelini. Anachukua funda la kwanza, analishika mdomoni, ananyamaza, anayatafuta maneno. Kisha anampulizia yule kijana kichwani na kifuani, matone madogo madogo kama ukungu. Hiyo ndiyo baraka. Kazi ya kijana ni kuinamisha kichwa na kutulia.

Mtaalamu akamsimamisha babu mbele ya mashine. Babu alikuwa amekataa gauni la hospitali kwa sababu linafungwa kwa nyuma na halifungiki, kwa hiyo alikuwa na shuka lake.

"Mwambie achukue funda moja kubwa," mtaalamu akaniambia. "Alishike mdomoni. Asimeze. Atulie kabisa."

Nikamwambia babu hivyo hivyo, neno kwa neno. Babu akamtazama kijana kwa namna mpya, kama mtu aliyegundua kwamba mgeni anazijua mila za nyumbani. Akachukua funda. Akalishika. Akatulia.

Kisha mtaalamu akaja mbele yake, akainama, kichwa chini, kurekebisha ile sahani inayopokea picha, usawa wa kifua.

Niliona kinachokuja. Mtu anayefikiri haraka na kusema haraka angeweza kuzuia. Mimi nafikiri haraka tu.

Babu alimpulizia yote. Nywele, nyusi, koti, mashine, ukuta, na mengine yakamrudia mwenyewe kwenye shuka. Baraka haikuwa ukungu, ilikuwa mvua, maana bariamu ni nzito na babu hakuwa na mazoezi nayo. Halafu akasema maneno yake, taratibu, mkono juu.

Mtaalamu alibaki ameinama. "Amesema nini?"

"Anasema uzae, na ng'ombe wako wajae boma."

"Mwambie asante," akasema, akifuta jicho kwa mkono wa koti.

Baba alikuwa amegeukia ukutani, mabega yanamtetemeka. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, na sikuwa nimemwona akicheka tangu jirani alipokuja kunywa chai.

Kijana aliifuta sahani, akampa babu kikombe kingine, akasema safari hii ameze. Babu alimeza kwa uso wa mtu anayetendewa ubaya na nchi yake. Picha ikapigwa. Kisha mtaalamu akatoka nje bombani, kwa sababu dawa ilikuwa inamkaukia kwenye nyusi kama plasta ya ukuta.

Alipotoka yeye, daktari akaingia. Akakaa mbele ya kompyuta, picha ikafunguka, nasi tukaiona. Koo la babu lilikuwa mto mweupe unaoshuka vizuri, halafu chini karibu na tumbo ukabanwa ghafla, ukawa uzi. Na pembeni, juu ya kifua chote, hadi shingoni na begani, punje nyeupe. Nyingi.

Daktari alisogea karibu. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Kicheko cha baba kikaisha chenyewe.

"Mzee wangu," daktari akamwambia baba kwa sauti ya chini, "hapa chini pamebana, hilo tulilitegemea. Lakini hizi punje... Sipendi kusema haraka. Zinaonekana kama zimesambaa."

Baba alitafuta kiti, hakikuwepo, akashika ukuta. "Zimesambaa," akarudia.

"Mke wangu," babu akaniita kwa lugha yetu, "huyo mwenye miwani anasema nini?"

Nikaangalia chini, kama kawaida yangu. Sakafuni kulikuwa na matone meupe yaliyoanza kukauka. Nikaangalia shuka la babu. Matone. Kwenye kifua, kwenye bega, palepale. Nilijua kwamba nikitafsiri neno lile moja, babu atageuka na kurudi nyumbani kuangalia ng'ombe wake mpaka siku iishe, na hakuna atakayemrudisha hapa tena, kwa sababu alikuwa ametuambia wazi.

"Daktari," nikasema. Haikutoka. Nikarudia. "Daktari, shikamoo."

"Marahaba. Ulishanisalimia, binti."

"Hizo si ugonjwa."

"Ni nini?"

Sikujua hospitalini wanaliitaje jambo lile. Nikasema jina lake.

"Ni baraka."

Akaniangalia kwa huruma, nadhani kama anavyowaangalia ndugu wote wanaokataa majibu. "Najua inauma, mwanangu. Kila familia..."

"Hapana, daktari. Babu amembariki mtaalamu. Kwa mdomo. Kwa ile dawa. Imemwangukia kwenye shuka. Angalia shuka. Angalia na ukuta!"

Sijawahi kusema sentensi nyingi hivyo mfululizo mbele ya mtu mwenye koti jeupe. Daktari akainuka, akaligusa shuka la babu kwa kidole, akatazama kidole. Na kabla sijaanza kujiona mtu wa maana, mlango ukafunguka, mtaalamu akaingia nywele zikidondosha maji.

"Daktari, hiyo picha usiisome bado, mzee alinitemea..."

"Alikubariki," daktari akamsahihisha.

Kwa maneno mengine, ningenyamaza kidogo tu, kila kitu kingejulikana bila mimi. Nililifikiria hilo njia nzima ya kurudi.

Picha ikarudiwa. Babu akavuliwa shuka, akavaa lile gauni, na baba akapewa kazi ya kushika kamba za nyuma mpaka mionzi ianze. "Mwambie asimbariki mtu mpaka tumalize," mtaalamu akasema.

Nikamwambia. "Na huyu mwenye miwani?" babu akauliza. "Yeye bado sijambariki." Nilipotafsiri, daktari alirudi nyuma hatua moja, bila kujifanya kwamba hakurudi.

Picha ya pili ilikuwa safi. Punje hakuna. Ule uzi wa chini ulibaki, na daktari akasema kingo zake ni laini, na kwamba mara nyingi hivyo huwa ni msuli wa mlango wa tumbo uliokataa kufunguka. Hakuahidi. Alitaka hospitali kubwa wapitishe kamera kwanza, wachukue na kipande cha kupima. Lakini ikiwa ndivyo anavyodhani, wanapapanua na mtu anakula.

Akaongeza kwamba babu anywe maji mengi, na asishtuke choo kikiwa cheupe. Nilimtazama baba ili amwambie hilo. Baba alinitazama mimi. Nikalisema nikiwa nimegeukia dirisha, na babu akacheka mpaka gauni likafunguka.

Sasa, babu alikuwa na maelezo yake ya siku ile, na nyumbani aliyatoa kwa kila aliyekuja. Waliona nyota kifuani mwangu, alisema. Wakashindwa. Nikabariki, nikavuliwa shuka, wakatazama tena, nyota hakuna. Jirani wa "ile" alisikiliza mdomo wazi, akasahau kuomba chai. Mimi nilijua mionzi, nilijua kinachoipenya na kisichoipenya, ningeweza kueleza. Nikanyamaza, kazi ninayoiweza. Kwa sababu babu alipomaliza kusimulia alikuwa akisema hivi: "Kwa hiyo si ile. Nipelekeni huko kwa kamera."

Tukampeleka. Kamera ikapita, kipande kikapimwa, tukasubiri majibu huku baba akisahau lugha zote. Haikuwa ile. Wakapapanua.

Jioni ya kwanza aliporudi, mama alipika makande, akayachemsha mpaka karibu yawe uji, kwa tahadhari. Tukakaa wote tukijifanya tunaangalia mambo yetu. Babu alitia kijiko mdomoni, akatafuna, akameza. Tukasubiri. Akaangalia juu, kama mtu anayesikiliza kitu kinachoshuka ngazi. Kikashuka.

"Nani amepika hiki?" akauliza.

"Mimi, baba," mama akasema, machozi yakimlengalenga.

"Chumvi imezidi," akasema, akachota kingine.