Gauni la Kumetameta la Mwajuma

Korogwe nzima hakuna fundi cherehani anayenifikia, nami sikufundishwa na mtu. Gari la sinema la serikali lilipokuja kwenye kambi ya mkonge, tulimwona kwenye filamu mwanamke kavaa gauni la kumetameta. Nikatamba, "Lile ni jiwe la ulanga, ling'aalo kama kioo, limebanduliwa vipande, likabandikwa kwa uji wa muhogo!" Mwajuma wa Kerenge, aliyekuwa karibu kuolewa, akaniamini, akataka la kwake, nami nikamtengenezea hivyo hivyo.

Siku ya harusi aling'aa kweli. Nikawa nawaeleza wakwe zake kwamba gauni hilo litavaliwa hata na wajukuu. Kumbe jasho limelainisha uji, vipande vinadondoka, na kuku wanamfuata wakidonoa pindo. Mwajuma, kilio na kicheko pamoja, akaita mbele ya wote: "Fundi, acha hotuba, njoo unifukuzie kuku!"