Taa Ndani ya Mrija

Dada yangu mdogo alinipigia kwa simu ya mama, akanong'ona kama mtu aliyejificha.

"Kaka, mimi nimekuwa malaika kwenye igizo. Mwalimu wa kanisani anataka kila malaika aje na fimbo. Yangu nataka iwake."

Nikamwambia sawa. Kwenye simu sina maneno mengi. Kisha mama akaichukua simu, akasema nikiileta nipite kanisani moja kwa moja, nisipite nyumbani.

Sikuuliza kwa nini. Baba alipofariki, mama aliolewa tena Busia, upande wa Kenya, na kwetu mtoto wa kiume hamfuati mamake kwa mume mwingine. Hubaki kwa watu wa babake. Nikabaki na nyanya Rubongi, karibu na Tororo, upande wa Uganda. Dada alizaliwa huko Busia. Watu wa huko hawajui kwamba mama alikuwa na mtoto kabla yake. Dada mwenyewe aliambiwa jikoni, akakatazwa kusema. Mimi nilitamani jambo moja tu: aniite kaka mbele ya watu, si kwenye simu ya kunong'ona.

Kazi yangu ni kutengeneza tochi na redio kwenye baraza ya duka moja karibu na kambi ya jeshi. Kwanza nilijaribu kutumia vipande vya waya wa intaneti vilivyoachwa na wachimba mitaro kando ya barabara. Ndani yake mna uzi wa kioo, mwembamba kuliko unywele. Ulivunjika, ukanichoma kidole, na kibanzi chenyewe sijakiona hadi leo. Baadaye mke wa askari akaniletea taa ya mapambo, ile yenye nyuzi nyingi za plastiki zinazobeba mwanga hadi kwenye ncha zake. Kitako chake kilikuwa kimeungua. Nilipomwambia haiponi, akasema, "Basi kaa nayo." Nyuzi zilikuwa nzima.

Ilibaki fimbo. Nilitaka kitu chepesi chenye uwazi ndani. Nikakitazama kile kilichokuwa kimeegemea ukuta wa jiko la nyanya: mrija wake wa malwa. Malwa ni pombe ya nafaka ya wimbi. Watu hukaa kuzunguka chungu kimoja, kila mtu na mrija wake mrefu, na kwenye ncha ya mrija kuna kichujio kidogo kilichosukwa ili makapi yasipite. Mrija wa nyanya ulikuwa umekauka. Wenzake wa chungu wamekwisha, mmoja mmoja.

"Chukua," aliniambia. "Malwa mtu hanywi peke yake."

Nikaukata uwe na urefu wa fimbo, upande wa kichujio nikaubakiza. Nyuzi zikakataa kupita. Nilizisukuma hadi zikajikunja. Nyanya alikuwa akipepeta wimbi huku akinitazama. Akaweka ungo chini, akachukua uzi wa kushonea, akauingiza upande mmoja wa mrija, akaweka mdomo upande wa pili na kuvuta pumzi kama anayekunywa. Uzi ukaja. Nikafunga nyuzi za plastiki kwenye uzi huo, nikazivuta polepole hadi ncha zikatokeza kwenye matundu ya kichujio. Chache nilizikwaruza kwa msasa ili mwanga utoke ubavuni pia. Kwenye kitako nikaweka taa ya tochi, betri ndogo na swichi.

Tulifunga mlango wa jiko, nikabonyeza. Kichujio kikajaa nukta nyeupe.

"Sasa hii ni ya kumpiga nani?" nyanya akauliza.

"Ni ya malaika."

"Malaika wa Busia wanapiga watu?"

Tukacheka. Kisha akaniomba niwashe tena.

Jumapili nikavuka mpaka. Mwalimu aliipokea fimbo mlangoni, dada akinichungulia nyuma yake, nami nikakaa kwenye benchi la mwisho, karibu na mlango. Kanisa lile lina madirisha makubwa, na jua la mchana lilikuwa limeingia lote. Mimi nilikuwa nimeijaribu fimbo gizani tu. Dada akatoka mbele na shuka lake jeupe, akainua fimbo, akabonyeza. Hakuna aliyeona kitu. Akabonyeza tena. Nilikiona kidole gumba chake kikihangaika.

Mama mmoja mzee wa benchi la mbele akainama aangalie vizuri. "Hiyo si mrija ya pombe?"

Watu wakacheka.

"Malaika huyu ametoka kilabuni."

"Muulizeni chungu ameacha wapi."

Mama yule mzee akamgeukia mama yangu. "Mama malaika, nani amekupatia hii kitu?"

"Fundi mmoja tu," mama akasema. "Wa Tororo."

Niliviangalia viatu vyangu.

Nilipoinua macho, dada hakuwapo. Alikuwa ameingia na fimbo yake chini ya meza ya sadaka, ambayo kitambaa chake kizito hufika sakafuni. Mkono wake ukatokeza, ukamvuta malaika mwingine. Kicheko cha watu kikapungua. Watoto wakaanza kugombania kuingia. Mwishowe mama yule mzee akapiga magoti, akainua kitambaa na kuingiza kichwa. Alikaa humo muda, sisi wengine tukiangalia mgongo wake.

"Ni nyota kabisa," alisema alipotoka. "Nani ametengeneza?"

"Kaka yangu," sauti ya dada ikajibu kutoka chini ya meza.

"Kaka gani? Wewe si kifungua mimba?"

"Yule pale mlangoni. Yule haongei."

Kanisa zima likageuka. Mama alivuta leso yake mabegani na kutazama mbele.

Ibada ilipokwisha alinifuata nje na kikombe cha chai na andazi. Mumewe alikuwa safarini, lakini Busia habari hazichelewi.

"Kunywa kabla hujaenda," akasema. Alisimama karibu nami hadi nikamaliza, watu wakipita wakituangalia, kisha akachukua kikombe. Nyumbani hakunikaribisha. Dada alikuwa bado chini ya meza na wenzake. Niliondoka bila kumuaga.

Kwenye foleni ya mpakani niliingiza mkono mfukoni, nikakuta uzi mmoja wa plastiki uliobaki. Nikaukunja ndani ya ngumi, ncha moja nikaiacha nje juani. Nikachungulia katikati ya vidole. Ncha ya ndani ilikuwa inawaka, bila betri.

"Wewe nabeba nini?" askari akaniuliza.

Nikafungua mkono. Hakuona kitu, akanipungia nipite.