Mlango Alioufunga Papa

Watu walikuwa wanacheka. Ukumbi mzima, vijana wenye bia mkononi, wanapiga kelele, "La porte! La porte!" yaani mlango, mlango. Kwenye ile sikukuu ya filamu za kutisha hapa Brussels ndiyo desturi yao: mtu ndani ya filamu akiacha mlango wazi, ukumbi wote unamkumbusha. Mwezi ukitokea wanabweka kama mbwa. Mimi hayo sikuyajali. Nilikuwa namwangalia mwanamume kwenye pazia la sinema, amevaa koti la Kichina la zamani, amemvua ng'ombe kengele, ameishika, anatoka kwenye nyumba walimo watoto wawili. Nje ukungu. Na mlango ameuacha wazi.

Yule mwanamume alikuwa papa yangu, baba yangu mzazi.

Mdogo wangu wa kike alikuwa amekaa pembeni yangu. Alinishika mkono tangu kengele ilipoonekana, maana hadithi ya kengele anaijua. Ni mimi niliyemlea nayo. Kisha wenye silaha wakajitokeza kwenye ukungu, na yule mwanamume akawatikisia kengele, akawaonyesha nyumba kwa kidole. Ukumbi ukapiga makofi, wamefurahi kwamba wamedanganywa vizuri. Mdogo wangu akauachia mkono wangu.

Bon. Ngoja nirudi nyuma, mtu asije akasema nina wazimu.

Kazi yangu ni ménage, nasafisha nyumba za watu. Shule niliiacha mapema, vita ndiyo ilinitoa. Huyu mwandishi wa ile filamu nilimpata mtaa wa Schaerbeek, ghorofa ya juu kabisa, dirisha linatazama tramu. Mchina, amenizidi umri. Alimfuata binti yake aliyekuja kufanya kazi hapa, binti akawa hana nafasi ya kumtembelea. Kifaransa chake kibovu, changu cha barabarani, donc tulielewana vizuri kabisa. Mimi nilimwita tonton, kama mjomba wangu. Yeye aliniita madame, mpaka siku niliyomgombeza kwa kumwaga majani ya chai kwenye sinki. Tangu hapo nikawa "kamanda".

Nikiwa napiga pasi alinisimulia maisha yake. Alizaliwa mji wa makaa ya mawe. Akiwa kijana alifanya kazi kiwandani, na bwenini aliwasomea wenzake kwa sauti hadithi alizotunga, za mapanga na mizimu. Akiona wanasinzia, anaongeza maiti. Baadaye akaandika kwenye intaneti, sura moja kila siku, hata siku aliyomzika mama yake, kwa sababu wasomaji wakikukosa leo, kesho wako kwa mwingine. Akahamia hadithi za upelelezi. Kisha watu wa filamu wakamwita. Kule kwao, alisema, wakubwa hawataki mzimu wa kweli: mwishoni lazima ionekane alikuwa mtu tu amejifunika shuka, na mkosaji lazima akamatwe.

"Mizimu yangu yote nimeivua shuka, kamanda," alisema. "Yote."

Halafu simu zikaacha kulia. Vijana wapya walikuwa wamechukua nafasi yake. Nilikuwa namkuta saa za mchana na nguo za kulalia, ndevu hazijanyolewa, anatazama tramu.

Ili kumchangamsha nilimwambia anisimulie vitabu vyake. Ananisimulia, anasimama katikati: "Haya kamanda, nani mwuaji?" Mwanzoni nilikosea kila mara. Kisha nikaugundua ujanja wake.

"Ni yule mwema kuliko wote," nikasema.

Akapiga meza. "Nani kakwambia?"

"Wewe mwenyewe. Ukimpenda mtu, unampa kisu."

"Siyo mimi, watazamaji. Wakimpenda mtu mapema, huyo ndiye ninampa kisu. Wanalia na wanashukuru."

"Tonton, nikifa usiniandike."

Tulicheka sana, wote wawili.

Asubuhi moja ya baridi ukungu ulifunika dirisha. Tramu haikuonekana, ilisikika kengele yake tu, inashuka barabara. Nilisimama na pasi mkononi mpaka shati likaungua. Akaniuliza nina nini. Nikamwambia jambo ambalo nilikuwa nimemwambia mdogo wangu peke yake.

Kwetu ni milimani, juu ya Uvira. Walikuja alfajiri, kwenye ukungu, wanataka ng'ombe na wanataka watu. Aliyewaonyesha njia ni muuza chumvi wa soko letu, mtu aliyekula kwetu. Sauti yake niliisikia kwa masikio yangu. Papa alinifunga mdogo wangu mgongoni. Akamvua ng'ombe kengele. Akaniambia, "Usifungue." Akatoka, akaufunga mlango polepole, kama mtu aliyeacha mgonjwa ndani. Kisha nikasikia kengele inashuka bondeni, mbali na sisi, na wale watu wanaikimbilia wakidhani ni ng'ombe. Ililia muda mrefu. Halafu ikanyamaza.

Tonton alilia. Alinipikia chai kwa mkono wake. Hakuandika kitu mbele yangu.

Baada ya hapo nikamkuta amenyoa. Simu zinalia, anazungumza Kichina kwa sauti kubwa, anatembea huku na huku. Mimi nilifurahi! Nilimwambia, "Tonton, umefufuka." Ilipofika ile sikukuu alinipa tiketi za Jumapili mchana. "Mlete mdogo wako. Ndani ya filamu yangu nimekuwekea zawadi."

Sasa mnielewe nilivyokaa pale ukumbini. Baba wa kwenye filamu alipowamegea watoto chakula chake mwenyewe, niliwasikia watu wametulia, wamempenda. Mimi tu nilijua kinachofuata. Nilitaka kusimama nipige kelele, lakini pale kila mtu alikuwa anapiga kelele. Na muuza chumvi? Muuza chumvi kafanywa mchekeshaji, mwishoni ndiye anawaokoa watoto. Walimshangilia.

Kwenye kituo cha basi mdogo wangu hakunitazama.

"Yaya, njo vile ilikuwaka?" Aliniuliza mimi dada yake mkubwa kama kweli ndivyo ilivyokuwa.

"Ni filamu tu, mama. Tonton amegeuza."

"Filamu ilijua kengele. Ilijua ukungu. Ilijua ata muuza chumvi. Alors yote ilijua, ikakosa mlango tu?"

"Papa alifunga. Nilimuona."

"Ulikuwa mutoto. Pengine ulinifichaka, nisiumie."

Akapanda basi la kwenda kwake Berchem. Simu yangu hapokei tena. Yeye uso wa papa haukumbuki, picha hatuna. Papa pekee aliyekuwa naye ni yule niliyempa kwa mdomo wangu, na sasa yeye mdomo wangu hauamini tena.

Jumanne nilifungua kwa tonton kwa ufunguo wangu. Koti sikuvua.

"Kwa nini mlango umeuacha wazi?"

"Kamanda, yule si baba yako. Nimebadilisha nchi, nguo, zamani zake."

"Mlango, tonton."

"Akiufunga filamu imekwisha. Wanampenda, anakufa, wanalia, wanarudi nyumbani."

"Ndivyo ilivyokuwa. Alikufa, tukalia. Nyumbani tu ndiyo hatukurudi."

Akatazama kikombe chake. "Ni kazi yangu bora kuliko zote," akasema taratibu, na niliona anaamini.

"Sawa. Basi twende ukamwambie mdogo wangu kwamba umegeuza wewe."

"Mwandishi hajielezi. Nikimweleza mmoja, kila mtu atakuja."

Niliuweka ufunguo mezani nikashuka ngazi.

Nawataja basi walionikosea. Muuza chumvi aliyewaleta: nasikia yuko hai, ana duka. Wenye bunduki: nyuso zao ukungu ulizificha. Hao wako mbali, sina namna ya kuwafikia. Lakini wewe, tonton, uso wako naujua, ghorofa yako naijua, uko umbali wa tramu tu. Najua umekuwa ukinisikia nikibonyeza kengele yako hapo chini, maana pazia la dirisha lako linatikisika.

Vaa viatu. Panda basi la Berchem, ukae mbele ya mdogo wangu, umwambie kwa Kifaransa chako kibovu, neno moja moja: alfajiri ile, mlango ulifungwa na nani? Usiniandikie mimi jibu. Nenda ukamjibu yeye.