Jikleri ya Mashine ya Unga

Umeme ulikatika mtaani kwetu Mapendo wakati papa, baba yangu, akinywa uji. Tangu mapafu yake yachoke, alikuwa akipumua kwa msaada wa mashine ya oksijeni, na mashine hiyo ikikosa umeme hulia bila kukoma. Nilikimbilia nyuma ya nyumba kuwasha jenereta. Ikanguruma, ikakohoa, ikazimika. Nilivuta kamba mpaka bega likaniuma.

Niliijua shida yake. Petroli ya vidumu vya barabarani huja na uchafu, na uchafu huziba jikleri, kile kipande cha shaba ndani ya kabureta chenye tundu jembamba la kupitishia mafuta. Niliifungua, nikaipuliza, nikaichokoa kwa uzi wa waya wa breki ya baiskeli. Uzi ukakatikia ndani.

Dirishani nilimsikia papa akivuta pumzi fupifupi.

Ng'ambo ya ua mama jirani alikuwa akisaga mahindi kwa mashine ya unga yenye injini ndogo ya petroli, moteri inayofanana na ya jenereta yetu. Wanawake walikuwa wamepanga mabeseni mpaka barabarani. Nilifika na mikono myeusi.

"Mama, papa anakosa pumzi. Nipatie jikleri ya moteri yako."

Alitazama mabeseni, kisha akanitazama. "Yangu ni ya moteri ndogo kuliko yenu. Itakubali?"

"Sijui."

Akazima moteri. "Muende musage pengine," aliwaambia wale wanawake. "Muzee iko mubaya." Mmoja alinung'unika, wengine waliinua mabeseni yao. Kabureta ilikuwa bado ya moto. Ilimuunguza vidole, lakini hakuachia bisibisi.

Jikleri yake iliingia bila shida. Nilivuta kamba, jenereta ikawaka, ila mlio ulikuwa ukipanda na kushuka, na ndani mashine ya oksijeni iliendelea kulia. Tundu lilikuwa dogo mno: hewa nyingi, petroli kidogo.

"Funga choki nusu," mama alisema. "Punguza hewa."

Nilisukuma kishikio cha choki taratibu, mlio ukatulia. Lakini mtetemo ulikuwa ukikirudisha, ikabidi nikishike. Mama ndiye aliyeingia kwa papa.

Kengele ya mashine ilinyamaza. Kisha sikusikia tena chochote kutoka ndani. Nilimwita papa, sauti ikamezwa na moteri. Nikiachia, umeme ungeyumba. Nisipoachia, sikujua kama bado yu hai. Nilibaki nimechuchumaa, nikiishikilia choki.

Hatimaye mama alitokea mlangoni. "Midomo imerudi rangi. Anasema moshi unamuingilia, tufunge dirisha."

Alileta kipande cha mpira, akafunga kile kishikio, akaniondoa mkono.

Umeme uliporudi alasiri alifungua jikleri yake, akaifunga kwenye pindo la kitenge. Nilianza kumshukuru, akanikatiza.

"Kesho utafute jikleri mbili, moja ya kufunga na moja ya akiba. Siwezi kufukuza watu kila mara."

Hakuwa amekasirika. Alipita kwanza kumuaga papa, kisha akaenda kuwasha mashine yake.