Jumapili Bwana Mkubwa Alipoitikia Amina

Harufu ya makapi ya mkonge yanayooza ni kali, chachu, na inashika kooni. Mpaka leo nikipita karibu na shamba la mkonge mimi huharakisha hatua. Msidhani ni harufu. Ni siku moja tu ya utoto wangu, huko Kilosa, enzi za Mwingereza.

Baba yangu, Yohana, alitoka Ubena kwa lori la manamba, vibarua wa mkataba, akakata mkonge mpaka vidole vikakakamaa. Jumapili alikuwa mwalimu wetu wa kanisa, kwa sababu kambi nzima hakuna aliyesoma vizuri kama yeye. Mama yeye alikuwa na mikono ya kulima, na nyuma ya chumba chetu mahindi yake yalikuwa yamekaribia kuvunwa.

Kila Jumapili ya mavuno bwana mkubwa, meneja wa shamba, aliteremka kutoka nyumba yake ya mawe kilimani kuja kusali nasi. Viti vilitangulia. Wafanyakazi walivibeba kichwani, viti vya mito, chake na cha mkewe, wakaviweka mbele kabisa ya banda letu lisilo na kuta, sisi tukiwa chini kwenye mikeka. Nyuma ya viti alisimama Filibeti, nyapara, aliyekuja kwa lori lilelile la baba na kumsimamia alipomwoa mama.

Miaka yote baba alisoma habari za mpanzi na mbegu zake. Mwaka ule alifungua kwa nabii Amosi. Akasoma juu ya matajiri wanaojinyoosha kwenye vitanda vya pembe za ndovu, na waliojenga nyumba za mawe ambazo hawatakaa ndani yake. Alisoma polepole, kichwa juu, na watu wakageuza shingo kuitazama nyumba ya kilimani, wote kwa pamoja, kama kuku waliomwona mwewe. Bwana mkubwa, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kuamrisha tu, aliona msomaji amenyamaza. Akaitikia kwa sauti, "Amina."

Mtu mmoja akacheka, kisha kanisa zima. Nami nilicheka mpaka machozi. Bila kicheko kile pengine yangeishia hapo, lakini bwana alitaka kujua tunacheka nini, na Filibeti akamweleza.

Alasiri Filibeti alikuja mlangoni kwetu. Hakumtazama baba usoni.

"Kaka Yohana, bwana anasema mpishe chumba kabla jua halijazama."

"Na mahindi yangu?" mama akauliza.

"Yako kwenye ardhi ya shamba, shemeji."

Tukafungasha. Wale waliocheka asubuhi walikuwa ndani, milango imerudishwa, na hakuna aliyetoka hata kumtwisha mama mzigo. Nina uchungu nao hadi leo. Mama mmoja wa Kiislamu huko Mabwerebwere, asiyetujua kwa lolote, ndiye aliyetulaza. Kisha tukaenda kuanza upya upande wa Mikumi, ambako tembo walikula tulichopanda. Mdogo wangu Rehema tulimzika huko, mwaka uleule njaa ilipotushika.

Nilisubiri nyumba ya mawe iporomoke. Nilisubiri kweli, kama mtoto anavyosubiri sikukuu. Haikuporomoka. Bwana mkubwa aliondoka kwa wakati wake mwenyewe, akaagwa kwa ngoma, na Filibeti akabaki na funguo za nyumba ile.

Nilipokuwa mtu mzima nilikisoma mwenyewe kitabu cha nabii yule. Kurasa chache mbele ya pale aliposomea baba, nabii anafukuzwa, anaambiwa akatafute mkate wake nchi nyingine. Baba alikijua kitabu chote. Alijua kinachompata anayesema maneno yale, na nikikumbuka kichwa chake kilivyokuwa juu, naona kiburi hakikukaa kwenye vile viti vya mito peke yake. Nabii hatuambiwi kama alikuwa na mke na watoto. Baba alikuwa nao. Mama hakujua kusoma, na baba hakumwambia yanayompata nabii.