Mteja Aliyetaka Kompyuta ya Kudumu

Kila nikikisimulia kisa hiki, watu wanauliza kwanza ilikuwa saa ngapi, wakitegemea niseme usiku wa manane. Ilikuwa saa tisa mchana, siku ya Jumanne, jua linawaka, wala sikuwa mgonjwa. Tulikuwa wawili dukani, na mwenzangu yuko hai mpaka leo. Anaweza kukana mengine yote, lakini yule mzee hawezi kumkana. Niaminini, siongezi chumvi. Ningekuwa naongeza, ningejitengenezea sehemu nzuri kuliko hii niliyoipata.

Mie ni fundi kompyuta. Kwa miaka sita nilikuwa na duka dogo Mikocheni, kwenye mtaa wenye magereji na karakana, mie na Shabani. Shabani ni mtu wa Tandika. Tulisoma wote sekondari huko Temeke, tukajifunza ufundi pamoja kwa kufungua vitu vya watu na kuomba Mungu vifungike tena. Kazi iliyotupa jina ilikuwa kuunda kompyuta za gemu. Mteja anakuja, tunamchagulia kifaa kimoja kimoja, tunaunganisha, tunamkabidhi. Na wote walitaka kitu kimoja: kasi. Kasi na taa za rangi.

Yule mzee hakuuliza kasi. Tulimwamkia, akaitikia marahaba kwa sauti ya chini, akasema anataka kompyuta ya gemu ya mwanawe ambaye hatoki nyumbani, na iwe ya kudumu. Nikamweleza kama nilivyokuwaga nawaeleza wote. Ukitaka kompyuta idumu, hela yote usiimalizie kwenye kadi ya picha. Anza na pawa saplai, lile boksi la chuma linalogawa umeme ndani, maana umeme wetu unakatika na kurudi kwa hasira, na pawa saplai mbovu ikifa inaondoka na wenzake. Madabodi, ule ubao unaobeba vifaa vyote, iwe ya toleo ambalo kesho litakubali prosesa nyingine. Acha nafasi ya kuongeza ramu, kumbukumbu ya mashine. Keisi, lile kasha la nje, iwe na matundu ya kutosha, kwa sababu joto na vumbi la Dar vinaua mashine kuliko gemu lenyewe.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kama anaweza kuvishika.

Alivaa shati jeupe la mikono mifupi, kalamu mfukoni, kama mwalimu mstaafu. Najua mnachotaka kuniuliza. Baadaye Shabani naye aliniuliza, na nikamjibu kuwa ndiyo, miguu nilimtazama. Makobazi ya kawaida, vidole vyote vipo, si kwato.

Tukamtandazia vifaa mezani. Akaanza na pawa saplai mpya, ile tuliyokuwa tunaiuza ghali kuliko zote. Akaiweka kiganjani, akatulia kama daktari anayesikiliza mapigo, akaisogeza pembeni. Akasema hii haimalizi wiki. Akachukua nyingine, iliyotumika, yenye mkwaruzo ubavuni, tuliyoitoa kwenye kompyuta ya ofisi fulani, akasema hii inafaa. Akaja kwenye feni: hii mwezi mmoja. Ramu: hii haifiki Iddi. Akishika kinachomridhisha hasemi muda, anakisogeza upande wangu tu.

Shabani alinikonyeza. Kwake ilikuwa burudani. Alichukua kalamu ya wino mzito akawa anaandika juu ya kila kilichokataliwa: wiki, mwezi, Iddi. Mie nilikuwa naunganisha vilivyokubaliwa. Skrubu moja niliiangusha mara tatu.

Ilipowaka, mzee alilipa bila kubishana bei. Ndipo Shabani, kwa utani wake, akamnyooshea mkono. "Na sie je, mzee? Tutadumu?"

Mzee aliuangalia ule mkono. Akaupokea kwa mkono wake wa kulia, kisha akaushika wangu kwa wa kushoto, kama mtu anayetaka kutufungisha ndoa. Viganja vyake vilikuwa vikavu na vya moto. Akatuachia. Akaelekea mlangoni.

Nikambebea keisi hadi kwenye bajaji ya jamaa mmoja wa kijiweni kwetu, ambaye alikuwa amekubali kwa shingo upande kwenda mpaka Bunju. Injini ilikuwa inanguruma tayari. Mzee akaketi nyuma, akapakata mzigo wake, akaniinamia sikioni. Akasema maneno mawili.

"Hafiki vuli."

Bajaji ikaondoka. Nikabaki nimesimama juani kama mtu aliyepigwa kofi. Hafiki nani? Nani mwingine, kama si yule aliyeuliza? Masika ndiyo kwanza yalikuwa yamekwisha. Nikahesabu miezi ya mpaka vuli kwa vidole, palepale barabarani.

Kesho yake yule dereva alikuja dukani asubuhi, macho mekundu. Alituambia kuwa alipofika Bunju, mzee alimwelekeza kwenye geti la bluu. Akasimama, akageuka amsaidie kushusha mzigo. Kiti cha nyuma kilikuwa kitupu. Hakuna mzee, hakuna keisi, nauli tu imekunjwa vizuri juu ya kiti. Na njia nzima walikuwa wanaongea. Aligonga lile geti, akatoka mama mmoja akasema nyumba hiyo haina mzee wala kijana. Shabani alimwambia mzee alishuka kwenye foleni na yeye hakuona. Jamani, mtu ashuke na keisi ya kilo kumi na tano asionekane?

Niliwahi kwenda mwenyewe kulitafuta lile geti. Lipo. Yule mama yupo. Akanijibu vilevile.

Ile pawa saplai ya ghali Shabani aliichomeka kwenye mashine yetu ya majaribio, makusudi, ili amuumbue mzee. Jumapili ikapasuka, pah, moshi ukajaa dukani. Alicheka mpaka akakaa chini. Feni na ramu nazo akazifunga humohumo. Feni ilimaliza mwezi wake na siku mbili. Iddi kubwa ilipobakiza siku nne, ramu ikafa. Shabani alikuwa anawasimulia wateja kama kichekesho, anajuta kwamba hatukuchukua namba ya simu ya mzee tukamwajiri. Yeye hakuwa amesikia yale maneno ya kwenye bajaji. Mie ndiye niliyeyasikia, na sikumwambia. Nilijidanganya kwamba neno kama lile ukilitamka unalipa nguvu.

Hapo ndipo nilipoanza kuharibika. Nilikuwa sikai. Shabani akichelewa dakika kumi, natoka nje kutazama barabara. Alikuwa anakuja na pikipiki kutoka Tandika, nikamfichia funguo mara mbili nikisingizia sijui ziko wapi. Akitaka kupanda ngazi kuvuta nyaya kwa mteja, napanda mimi. Kazi zote za nje, za Msasani na Bunju, nikaanza kuzichukua mwenyewe ili yeye abaki dukani, asiguse barabara. Zile ndizo zilizokuwa na bahashishi nzuri na wateja wapya. Mie nilikuwa naona barabara tu, malori tu. Yeye aliona kitu kingine.

Na nilikuwa nampigia simu mkewe, Mwanahawa. Kila siku. Namuuliza, shemeji, Shabani amelalaje? Amekula? Kifua hakimbani? Nilimwomba asimwambie. Hebu fikirieni nyie wenyewe, mtu anamwomba mke wa rafiki yake asimwambie mumewe kwamba wanaongea. Sikuliona. Wallahi sikuliona.

Mawingu ya vuli yalipoanza kukusanyika nilikuwa sili vizuri. Jioni moja Shabani alifunga mlango wa duka kwa ndani, akaweka simu ya mkewe mezani kati yetu. Hakupaza sauti.

"Unampigia mke wangu kila siku kumuuliza nimelalaje. Wateja wangu umewachukua. Funguo zangu unazificha. Wewe ungekuwa mimi ungefikiria nini?"

Jibu lilikuwa limefika kwenye ulimi. Nikaliogopa. Nikamwambia nakujali tu, braza.

"Miaka yote hii hukuwahi kunijali hivyo," akasema.

Akakusanya vifaa vyake kwenye mfuko wa salfeti, bisibisi zake, mita yake ya umeme, hata kikombe chake. Vya pamoja hakugusa. Nilimfuata mpaka kwenye pikipiki nikimsihi asiondoke, na ninavyojua sasa, kila nilivyosihi ndivyo nilivyozidi kuonekana mwenye hatia. Usiku ule mvua ya kwanza ikapiga mabati.

Sikulala. Niliketi kitandani na simu mkononi nikisubiri niambiwe. Asubuhi nikampigia Mwanahawa, simu haikupokelewa, nikapagawa, nikaenda Tandika nikasimama mbali na nyumba yao kama mwizi. Shabani akatoka, anapiga mswaki. Nikarudi. Kesho yake nikaenda tena. Vuli nzima niliishi hivyo. Mvua zikaja, barabara zikafurika, zikakauka. Shabani hakupata hata mafua.

Nilishukuru Mungu, nikasema mzee alikosea mara moja. Lakini feni haikukosea, na ramu haikukosea. Kitu kilikuwa kinanikera na sikijui.

Kama wiki tatu baada ya vuli kwisha nilikuwa nje ya duka, mke wangu Rehema akanipigia. Alikuwa anasubiri gunia la mchele kutoka kwa dada yake. Bajaji ilikuwa inanguruma pembeni yangu. Nikasikia anasema, "Hajafika mpaka sasa." Nikamuuliza, nani hajafika? Akasema, "Nani? Mzigo. Mzigo haujafika."

Nikakaa kwenye ngazi ya duka.

Mtu, hafiki. Urafiki, haufiki. Tofauti ni herufi moja, na injini ya bajaji inaweza kuimeza. Yule mzee hakumshika Shabani peke yake. Alitushika wote wawili, mmoja kila mkono, na alichokipima kilikuwa kati yetu. Na kilichokiua ni nini, kama si mimi, nikihangaika kila siku kukiokoa?

Shabani sasa ana duka lake Mbagala, kubwa kuliko langu. Mwaka jana tulikutana msibani Tandika, amefariki mwalimu wetu. Alinipa mkono kama anavyompa mtu wa mtaa wa pili. Nikamvuta nyuma ya turubai, nikamwambia yote, tangu neno la kwenye bajaji mpaka gunia la mchele. Alisikiliza huku anatazama viatu vyake.

"Ungeniambia siku ileile," akasema, "tungecheka, tukaenda kula." Akanigusa bega, akarudi kukaa na wenzake.

Tangu hapo hatujazungumza. Mvua ikipiga usiku bado naamka na kushika simu, na Rehema ameacha kuniuliza kwa nini. Nyie mnaonisikiliza, sikatazi kumwogopa mteja asiye wa kawaida, mwogopeni. Lakini mkiambiwa neno juu ya mtu wenu, mpelekeeni siku hiyohiyo, hata kama atawacheka. Na kabla hamjalibeba, mwambieni aliyelisema alirudie. Mie nilikuwa nimesimama karibu naye kabisa, mkono wangu umeshika bomba la paa la bajaji, na sikumwambia arudie.