Kura Zetu Zilikwenda Ibra

Mie si mtu wa kukaa kitako. Marehemu baba alikuwa akisema nilizaliwa na sisimizi miguuni, na tangu mama aanze kuoshwa figo ndiyo kabisa, sikai situlii. Mara tatu kwa wiki natoka mjini Nizwa asubuhi, namfuata mama nyumbani kwake kupita Birkat al Mauz, namleta hospitali, nangoja mashine imalize kazi yake, kisha namrejesha. Ningeweza kumweka kwangu, vyumba vipo. Hataki. Nyumba ile kaijenga baba, migomba ile kaipanda yeye kwa mkono wake, na mama akishasema hapana, basi ni hapana.

Tatizo ni wadi, mkondo wa maji ya mvua. Baina ya nyumba ya mama na barabara kuu kuna wadi, mwaka mzima kavu, mawe matupu, mbuzi wanapita. Njia imekatiza ndani yake, hapana daraja. Mvua ikinyesha mlimani, hata kama kwetu jua linawaka, maji hushuka kwa ghafla na kuikata njia, na aliye ng'ambo hubaki ng'ambo mpaka maji yatake yenyewe. Mwenye afya atapika wali wake akae. Mama akikosa mashine anavimba miguu, na ikizidi anaanza kuvuta pumzi kwa tabu. Kwa hivyo nilikuwa nikiamka naangalia mlima kabla sijaosha uso. Likijengwa daraja, mama atabaki kwake. Lisipojengwa itabidi ahame, na nikimjua mama nimjuavyo, akihama hatadumu.

Mdogo wangu wa kike kaolewa nchi ya jirani, zile falme saba zilizoungana, na kila akipiga simu wimbo wake ni mmoja. "Dada, mlete mama huku. Huku mambo yanakwenda." Nilimuuliza yanakwendaje. Akanieleza kwamba kila ufalme una mtawala wake na idara zake, wa barabara ana barabara, wa maji ana maji, na juu yao wote ndiyo imekaa serikali ya muungano yenye pasipoti na jeshi. Ukitaka daraja huendi mbali, unakwenda kwa serikali ya ufalme wako.

"Na mama atakuwa wa ufalme upi?" nikamuuliza.

Akakiri kwamba ameshakwenda kuuliza matibabu. Watu wa ufalme walimwambia kwa upole kuwa mama atahesabiwa mgeni, na mambo ya wageni yana mlango wake kwenye muungano, na kule kwenye muungano wakamwambia hospitali ni ya ufalme. Mama alikuwa akisikiliza, maana simu nilikuwa nimeiweka sauti ya juu. Akasema, "Muungano naujua mie kabla hujazaliwa. Usinifundishe." Mama alizaliwa Unguja mjini, na maneno hayo kwake si ya kitabuni.

Nimesomesha maarifa ya jamii shule za wasichana mpaka nikastaafu, kwa hiyo nikaamua nimweleze mama nchi yake inavyokwenda, ajue daraja tunaliomba kwa nani. Nikamwambia sisi si muungano, nchi ni moja, lakini imegawika muhafadha kumi na moja, ndiyo mikoa, na kila muhafadha ina muhafidh wake. Ndani ya muhafadha mna wilaya, na kila wilaya ina wali wa kuitawala. Chini ya wali wako masheikh wa mitaa na makabila. Siku hizi baladia, wenye mataa na njia na takataka, wamewekwa chini ya muhafidh, naye kapewa fungu lake la kujengea. Na pembeni yake lipo baraza la baladia, wajumbe wake wanachaguliwa na watu wa kila wilaya. Baraza halijengi, linapendekeza. Lakini lisipopendekeza, nani atajua kama sisi tupo?

"Wali si ndiyo liwali," akasema mama. "Na chini yake mudiri, na chini yake sheha. Umenizungusha kutwa nzima kunieleza kitu ninachokijua."

Jirani wa mama, mwenye lori la kuuza maji, ndiye aliyetuletea matumaini. Ni mtu wa pale pale, baba na babu, na yeye pia ana mama mzee ng'ambo ile ya wadi. Akatangaza kugombea baraza la baladia kwa wilaya ya Nizwa, na alipokuja kututembelea hakuahidi mbingu wala ardhi. Alisema, "Nikiingia, la kwanza nitakalolisema ni daraja hili." Nikamwambia kura za kwetu zote azihesabu zake. Tena nikajitutumua: sisi watu wa Zinjibari tuko wengi hapa Nizwa, dada zangu wa baba mdogo, shemeji, wajukuu, watakuja wote.

Nikawakusanya kweli. Kwa wiki kadhaa nilikuwa mguu na njia, Bahla kwa binti wa shangazi, Al Hamra kwa shemeji mwenye duka la vioo, mpaka watoto wa vyuoni niliwafuata mmoja mmoja wakaniona nimekuwa kero. Siku ya kupiga kura nikawaita wote nyumbani kwa mama, kwa kuwa siku hizi mtu anapigia kwenye simu yake, popote alipo. Mama akaamrisha vitumbua na kachori, kahawa ikazunguka, sebule ikajaa hata viatu vikakosa pa kukaa. Nikasimama katikati kama darasani, nikasema, haya, yallah, fungueni simu zenu.

Wakafungua. Kisha mpwa wangu akasema, "Khala, mbona huyu bwana hayumo?"

Nikamwambia tafuta vizuri. Akatafuta. Nikatafuta na mie. Sura zote zilizotokea ni za watu nisiowajua, na juu yake imeandikwa wilaya ya Ibra, Sharqiyah ya Kaskazini. Nikachukua simu ya shemeji, Ibra. Ya mama, Ibra. Sebule nzima, kuanzia ajuza mpaka mtoto aliyepata umri juzi, wote watu wa Ibra.

Hapo ndipo nilipokumbuka, na nikatamani ardhi inifunike. Tuliporudi kutoka Unguja, huku kwenye nchi ya mababu, hatukuwa na mtu wa kututambua. Kila ukienda kuomba karatasi unaulizwa, wewe wa kabila gani, na sheikh wako nani atakayesema kuwa anakujua? Sheikh mmoja wa Ibra, mzee, alimtazama baba usoni, akauliza majina ya mababu mpaka alipolifikia analolijua, kisha akasema mbele ya watu, hawa wetu. Kwa neno lile tukapata nchi. Baba hakulisahau. Kazi aliipata Nizwa, nyumba kajenga Nizwa, watoto kasomesha Nizwa, lakini majina yetu yote aliyaacha Ibra, na kila mtoto aliyezaliwa alimpeleka huko huko. Ukimuuliza alikuwa na jawabu moja: mwacha asili ni mtumwa. Zama za kupiga kura kwa mkono alikuwa akitupakia garini kutupeleka Ibra kutwa nzima, na mie nikidhani ni mapenzi yake tu ya kwenda kuwasalimia watu na kula halwa. Sasa mambo yamekuwa ya simu, nikasema basi, simu haina wilaya.

Mama alicheka mpaka akapaliwa. "Mwalimu wa maarifa ya jamii," akasema, na kila akinitazama anaanza tena. Mie sikucheka. Niliingia jikoni nikalia kwa hasira, nimeshika sahani ya kachori, na nilipotoka nikakuta wameshapiga kura zao kwa watu wa Ibra, maana walisema kura isitupwe.

Jirani yetu alikosa kwa kura chache, chache kuliko watu tuliojaa sebuleni mle. Nilikwenda kumwambia ukweli mwenyewe, sikutaka ausikie kwa mwingine. Alinisikiliza, akanitilia kahawa, akasema khalas, ndivyo Mungu alivyoandika. Upole wake uliniuma kuliko angenitukana.

Mvua ikaja majira ya joto, zile za mchana zinazochemka mlimani. Nilikuwa njiani kumfuata mama. Nilipofika ukingoni maji yalikuwa yameshashuka, rangi ya udongo, yanaburura matawi, na ng'ambo namwona mama ameketi kwenye kiti mlangoni, kavaa buibui lake, kashika mkoba wa hospitali. Tukaongea kwa simu huku tunaonana. Aliniambia nisivuke. Niliogopa, sijapata kuogopa vile, kwa sababu nilijijua, naweza kujitosa nikavuka hivyo hivyo. Nikashuka garini, nikapanda, nikashuka tena. Siku ile ikapita bila mashine, na ya pili yake nilimsikia kwenye simu anapumua katikati ya neno.

Maji yalipopungua, bado gari dogo haliwezi, jirani yule yule aliwasha lori lake la maji, akalijaza tanki ili liwe zito, akampakia mama mbele akamvusha polepole. Mama alishushwa kwenye kabini ya lori kwa mikono ya watu watatu. Miguu ilikuwa imevimba viatu haviingii. Daktari alinitazama, akampeleka moja kwa moja kwenye mashine.

Mdogo wangu akasema sasa basi, anakuja kumchukua, na mara hii sikuwa na nguvu ya kubishana naye. Lakini jirani alinijia na jambo. Watu wa ng'ambo ya wadi wanajikusanya kwenda kwa wali wote pamoja, na wali akiridhika atalipandisha kwa muhafidh. Anataka mama awe mbele, kwa kuwa yeye ndiye mgonjwa. Akakohoa kidogo, akatazama chini. "Lakini akiulizwa yeye wa wapi, atasema nini?"

Nilijua atasema nini. Mama ukimuuliza usingizini atakwambia Ibra. "Si sheria," akasema jirani. "Wali anampokea kila mtu. Ila mwaka huu watu wameona kura zenu zimekwenda wapi. Itakuwa aibu kwetu sote, tunaomba daraja na aliyetutangulia jina lake liko kwa wengine."

Majina yalikuwa bado yanaweza kuhamishwa, tena kwa simu hizo hizo za kura. Nikamweleza mama, nikitazamia vita. Alivua miwani akaipangusa.

"Yule mzee alisema hawa wetu," akasema. "Leo niondoke kimya kimya, kama mwizi? Siwezi. Nipeleke Ibra nikaombe radhi."

Sheikh mwenyewe kafa zamani, amebaki mwanawe. Nikamwambia mama tumpigie simu. Akanitazama jicho lile la kunirudisha utotoni, nikaenda kutia petroli. Tulikwenda siku isiyo ya mashine, kupitia Izki na Sinaw, jua kali, mama kalaza kiti, na mie roho juu kila akifumba macho. Alikuwa amevaa dhahabu zake. Mkononi kashika kasha la halwa, na njia nzima akijaribu maneno yake ya Kiarabu kwa sauti ndogo, maana Kiarabu chake mpaka leo kina Unguja ndani yake.

Mtoto wa sheikh alitupokea vizuri sana, mtu wa makamo, kanzu nyeupe, simu mbili. Mkewe akaleta matunda, tende, kahawa. Mama hakugusa kitu mpaka aseme lake. Akasema lote: Unguja, kurudi, mzee alivyomtazama mumewe usoni, wadi, figo, daraja. Akamaliza kwa kuomba ruhusa ya kuondoa jina lake na majina ya watoto wake, na akaomba asidhaniwe kuwa amekana fadhila. Nilimshika mkono, akautoa.

Yule bwana alionekana kashangaa. Akaweka kikombe chini. Alisema kwa adabu, "Mama yangu, mbona umejisumbua? Nusu ya watu wetu wamehamisha majina siku nyingi. Wako Maskat, wako Sur, wako kila mahali. Hata mie mwenyewe jina langu liko Maskat, hapa nakuja wikendi kuangalia mitende. Hakuna aliyewahi kuja kuomba ruhusa. Wewe ndiye wa kwanza."

Mama akaitikia kwa kichwa. Akala tende moja, akanywa kahawa, akatikisa kikombe kama ada kuonesha ametosheka, akamshukuru na kumwombea dua baba yake. Aliaga kwa heshima zote, na mie nikamsaidia mpaka garini.

Tukaondoka Ibra. Nikampa maji akanywa tone, kwa kuwa maji yake yana kipimo. Niliwasha redio, nikaizima. Nilitaka nicheke, nilitaka nipige usukani, miaka yote ile baba anatupakia garini, watoto wanatapika njiani, na kumbe tuliokuwa tunawashikilia wameshaondoka. Karibu na Sinaw mama akaniambia nisimame. Nikadhani kazidiwa, nikasimama pembeni ya njia.

Alinyosha mkono. "Nipe hiyo simu. Nioneshe pa kubonyeza."

Nikamwonesha. Alibonyeza mwenyewe, taratibu, akasubiri mpaka ikatokea Nizwa. Kisha akanirejeshea simu, akageuza uso dirishani.

"Wamehama wote," akasema, "na hata kutuaga hawakutuaga."